Mikonge yote ya Tanga ni uzao wa miche 62? Na maneno korona, singa na manamba yametoka wapi?

#1 Mwana_wa_Pongwe
Wakuu, salaam. Kila watu wa Tanga wakikutana ugenini husemwa hivi: mikonge yote, toka Pongwe mpaka Mombo, toka Kigombe mpaka Mwera, ni uzao wa miche 62 aliyoileta Mjerumani mmoja mwaka 1893. Naomba wajuzi waseme. Hiyo 62 ni ya kweli? Shamba la kwanza lilikuwa wapi? Na haya maneno ya mashambani (korona, singa, brashi, robota, manamba) nani anajua asili yake? Vijana wa sasa wakisikia "korona" wanadhani ni ugonjwa tu.

#2 Kikogwe_Ngambo
Shamba la kwanza ni Kikogwe, Pangani, upande wa kusini wa mto, ng'ambo ya mji. Si Tanga mjini wala Muheza. Mtu mwenyewe ni Dk. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Aliagiza miche 1000 kutoka Florida, Marekani, ikapitia Hamburg, na iliyofika ikiwa hai ni 62. Mwaka 1898 mikonge ilikuwa imefika 63,000. Watu wa Tanga mnajivika kilemba kisicho chenu, sisi Pangani tunawatazama tu.

#3 BarabaraYaNane
#2 Pangani ni mkoa gani, ndugu yangu? Rudi nyumbani tukupe chai.

#4 Raskazone_Juu
Mimi niliyoisikia ni kwamba miche ilitoroshwa Mexico ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa na kujazwa pamba, kwa sababu wenyewe hawakutaka mmea wao utoke. Wengine husema ilifichwa ndani ya mwavuli. Hiyo Florida inatoka wapi?

#5 Mlingano_Ngomeni
Hadithi ya mamba ni tamu, lakini tazama mche wenyewe. Mkonge asili yake ni Yucatan, Mexico, na jina "sisal" ni la bandari ya huko iliyopakia nyuzi hizo. Ila ulikuwa umeshafika Florida tangu miaka ya 1830, alipoupeleka Henry Perrine, aliyekuwa konseli wa Marekani kule Campeche. Kwa hiyo mwaka 1893 hapakuwa na haja ya mamba, ulikuwa ukiuzwa na wenye vitalu kama unavyouziwa mche wa mwembe.

Na kwa nini wafe 938 kati ya 1000? Tunazungumzia vile vimche vinavyoota juu ya mlingoti (lile shina refu la maua) baada ya maua kudondoka. Kimche hicho hakiuawi upesi na kiu, ukikianika kivulini kinakaa wiki nyingi. Kinachokiua ni kufungwa kwenye kasha kikiwa na unyevu. Kitovu kinaoza, majani ya nje yanabaki ya kijani kukudanganya, ukivuta jani la katikati linachomoka mkononi. Hata leo anayesafirisha miche kwenye magunia mabichi juu ya lori anapata hasara ileile.

#6 Hesabu_Kwanza
Hapo kwenye 63,000 nina tatizo. Mkonge unatoa mlingoti mara moja tu, kisha unakufa. Kwenye joto la pwani unachukua kama miaka 6 mpaka 9, na kwenye baridi ya milimani zaidi sana. Kutoka 1893 mpaka 1898 ni miaka 5. Sasa milingoti ilitoka lini ikazaa miche 63,000?

#7 Kikogwe_Ngambo
#6 Mlingoti mmoja unaweza kubeba miche mpaka 2000. Hata ikitoa milingoti 35 tu kati ya ile 62, unapata 70,000.

#8 Hesabu_Kwanza
Idadi sijaikataa mkuu, nauliza muda.

#9 Mzee_wa_Hale
Vijana mnasahau maotea. Mkonge hauzai juu tu. Chini ya udongo shina linatoa mizizi minene inayotambaa, na kila baada ya hatua mbili tatu linachomoza chipukizi. Mkonge mmoja ukiachwa hutoa kama maotea 20 maishani mwake, na unaanza mapema, hata kabla hujakatwa jani la kwanza. Ukiyang'oa na kuyapanda, nayo yanaota ya kwao. Inawezekana ile ya mwanzo iliongezwa hivyo kwanza, halafu milingoti ikamalizia.

#10 Hesabu_Kwanza
Shikamoo mzee. Hesabu ya maotea peke yake: 62 mara 20 ni 1240. Mzunguko wa pili haukamiliki ndani ya miaka mitano. Bado naona kuna milingoti iliyotoka mapema kuliko kawaida, na mkonge hufanya hivyo ukipata dhiki, mathalani ukipandwa kwenye mchanga wa pwani usio na kina.

#11 Mzee_wa_Hale
Marahaba. Au miche iliyofika haikuwa midogo kama tunavyodhani. Ukianza na mche uliokaa kitaluni mwaka mmoja na nusu umeshaokoa muda.

#12 Mlingano_Ngomeni
Turudi kwenye swali la #1, maana kuna kosa kubwa zaidi ya hesabu. "Mikonge YOTE" si kweli. Mashamba mengi sasa yana chotara 11648, aliyezalishwa kituo cha utafiti Mlingano, hapo Ngomeni, Muheza. Huyu hana hata tone la ule mkonge wa Hindorf. Wazazi wake ni aina mbili nyingine: Agave amaniensis, uliopewa jina la Amani yetu ya milima ya Usambara kwa kuwa ndiko ulikotambuliwa, na Agave angustifolia. Chotara wao akarudishwa tena kwa amaniensis, ndipo akapatikana 11648.

Tofauti unaiona shambani. Mkonge wa zamani hutoa majani 200 mpaka 250 kisha unapiga mlingoti. 11648 anakwenda mpaka 600 na zaidi, majani yamebanana, rangi inavuta kwenye buluu. Ubaya wake ni kwamba anaugua madoa ya majani, na ugonjwa huo umepewa jina la Korogwe duniani kote. Doa linaanza kama kovu dogo la duara, linakauka kahawia, na singa (nyuzi za jani) iliyo chini yake inakatika au inatoka na baka kwenye korona.

#13 Binti_Muheza
Asante #12. Amani, Korogwe, Mlingano, majina ya kwetu yamo kwenye vitabu vya mimea na sisi hatufundishwi. Sasa wajuzi wa korona waje.

#14 Fundi_Brashi
Nipo dada. Korona ni jina la mashine. Krupp wa Ujerumani walitengeneza mashine ya kukwangua majani wakaiita Corona. Watu wakachukua jina la mashine wakalipa kiwanda kizima, kwa hiyo "twende korona" ni kwenda kiwandani, hata kama mashine iliyomo ni ya kampuni nyingine.

Inavyofanya kazi: matita ya majani yanashuka kutoka kwenye toroli. Watu wa mezani wanafungua tita na kupanga majani kwa upana, yanaingia yamelala kiubavu, si kwa ncha. Kamba nene zinabana jani karibu na katikati. Ngoma ya kwanza yenye visu butu inakwangua nyama ya upande mmoja. Kisha kamba za pili zinashika singa ya upande uliokwisha kusafishwa, zile za kwanza zinaachia, na ngoma ya pili inamalizia upande uliobaki. Maji yanamwagwa muda wote.

Mambo matatu yanaharibu kazi. Kwanza, mpangaji asipolinganisha vitako vya majani, kamba zinabana pasipo katikati, singa inatoka na ukanda wa gome katikati ambao brashi (mashine ya kuchana singa) haiutoi. Pili, nafasi kati ya visu na kitanda cha ngoma: ukiibana mno visu vinakata singa na zote zinakwenda kwenye nyuzi fupi, ukiilegeza nyama ya kijani inabaki, ikikauka inakuwa kama gundi. Tatu ni maji. Yakiwa machache au machafu singa inatoka ya kijani-njano. Ndiyo maana viwanda vingi vilikaa karibu na mto, Pangani, Sigi au Mkulumuzi.

#15 BarabaraYaNane
Kwa hiyo Tanga tulikuwa na korona miaka mia moja kabla ya dunia.

#16 Fundi_Brashi
Na yetu ilikuwa inatia watu ada za shule, kaka.

#17 Mgosi_Mombo
Ongeza hili, #14. Jani likishakatwa halingoji. Lifike korona siku ileile, likichelewa sana basi kesho yake. Likikaa juani nyama inakauka na kung'ang'ania singa, hapo ukwangue utakavyo, rangi imeshaharibika. Hilo ndilo lililoleta zile reli ndogo za toroli katikati ya mashamba. Jani ni zito na singa ndani yake ni kama asilimia 4 tu ya uzito. Robota moja (furushi la singa lililoshindiliwa) la kilo 250 linataka zaidi ya tani 6 za majani! Hakuna punda wala kichwa cha mtu cha kubeba hayo kwa saa chache.

#18 Kwaminchi_Kwetu
Kumbe robota ni kilo 250. Nilidhani 200.

#19 Fundi_Brashi
250, manne ni tani. Singa ikitoka korona inaanikwa kwenye nyaya, jua zuri siku moja inatosha. Ikinyeshewa nusu kavu inapata madoa na kushuka daraja. Ikishakauka inaingia brashi, inachanwa na kupigwa vumbi, kisha wapangaji wa madaraja wanaishika. Daraja la kwanza singa iwe na sentimita 90 kwenda juu, nyeupe ya maziwa, haina gome. Daraja la tatu linapokea hata 60 mpaka 90. Isiyofikia ubora wa madaraja hayo ni UG, yaani chini ya daraja. Nyuzi fupi zinazodondoka brashi zinafungwa peke yake, hazitupwi. Robota linashindiliwa na kufungwa kwa kamba ya mkonge wenyewe, linapigwa chapa ya shamba na daraja. Chumba cha brashi vumbi lake si la mchezo, kikohozi cha watu wa pale kilikuwa kinajulikana kijijini kote.

#20 Raskazone_Juu
Na "singa" je? Na kwa nini wengine husema katani?

#21 Ami_Mabokweni
Singa ni neno letu la zamani, nywele zilizonyooka na laini huitwa nywele za singa, basi nyuzi za mkonge zilipotoka ndefu na za kunyooka zikapewa jina hilo. Katani limetoka Kiarabu, kattan, yaani kitani, na uzi wa katani ulikuwapo pwani kabla Hindorf hajaleta mkonge. Mjini pale Katani House inakumbusha hilo.

Na neno mkonge nalo halikuja na meli. Mkonge ulikuwa mmea wa porini wenye majani mazito yaliyosimama kama mikuki, wataalamu huuita Sansevieria, na watu walikuwa wakiusokotea kamba. Mgeni alipokuja anafanana naye, akarithi jina. Mwenyeji siku hizi anaitwa mkonge-pori kwao mwenyewe.

#22 Binti_Muheza
Ami, hilo la mkonge-pori limenigusa. Na manamba?

#23 Songea_Tanga
Manamba ni "namba" na "ma-" ya wingi. Watu walioandikishwa kwa mkataba kutoka mbali (Waha wa Kigoma, Wangoni wa Songea, Wabena, Warundi, Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma) walipewa namba, wakaitwa kwa namba. Ofisi ya kuandikisha ilikuwa SILABU, iliyoanzishwa na wenye mashamba mwaka 1944.

#24 Mgosi_Mombo
Namba ni ya kipande. Kadi ile ilikuwa na nafasi 30, kila siku uliyomaliza kazi unapigwa alama moja. Mshahara hautoki kwa mwezi wa kalenda, unatoka zikijaa alama 30, na ulipewa kwa kawaida wiki sita kuzijaza. Siku ukiugua haihesabiwi. Siku hukumaliza kazi uliyopangiwa haihesabiwi. Mtu alijulikana kwa namba ya kipande chake kwenye daftari la malipo.

#25 Ami_Mabokweni
Kipande ni cha zamani kuliko SILABU. Mwaka 1907 Wajerumani waliwatwisha watu wa wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya sasa, kadi ya kuwalazimisha siku 30 za kazi kwa walowezi ndani ya kila miezi minne. Hao hawakuwa manamba, walikuwa wenyeji wa milima. Kwa hiyo kipande peke yake hakitoshi kueleza jina.

#26 Songea_Tanga
Ndivyo nisemavyo ami. Mwenyeji alikuwa na kipande na hakuitwa manamba. Jina lilimfuata aliyeletwa, kwa sababu safarini kote, kambini, kwenye treni, kwenye posho, yeye ni namba tu.

#27 Kwaminchi_Kwetu
Wengine husema namba iliandikwa kwenye kibati kinachovaliwa.

#28 Mgosi_Mombo
Iwe kibati iwe kadi, asiyekuwa wa mkataba hakuitwa hivyo hata akikata mkonge miaka 20. Hapo nakubaliana na #26.

#29 BarabaraYaNane
Tanga tunapenda namba kweli. Watu namba, barabara za Ngamiani namba, hata mkonge wenyewe 11648. Hivi Ngamiani ngamia walikuwa wakifanya nini?

#30 Raskazone_Juu
Husemwa ni kituo cha misafara.

#31 Ami_Mabokweni
Misafara ya bara pwani hii ilibebwa na vichwa vya wapagazi, maana mbung'o aliua wanyama njiani. Ngamia wa pwani kazi yao iliyojulikana, Unguja na Lamu, ilikuwa kuzungusha vinu vya mafuta ya ufuta. Mimi naelekea huko kuliko kwenye misafara.

#32 Kwaminchi_Kwetu
Na ule msemo wa Tanga, "Waja leo waondoka leo", si umetokana na manamba hao? Wanashuka treni asubuhi, jioni wako mashambani, mjini hawalali.

#33 Kikogwe_Ngambo
Hapana, hiyo ni ya mabaharia. Jahazi linasubiri upepo, umande, yaani upepo wa nchi kavu, ukivuma alfajiri linaondoka.

#34 Binti_Muheza
Wengine husema ni kinyume: wageni huja wakisema wataondoka leo, wakapendezwa, wakabaki. Mapishi ya kwetu yana sehemu yake. Fungueni uzi mwingine, huu ni wa mkonge.

#35 Hesabu_Kwanza
Haya, mkonge. Mwaka 1964 nchi ilifikia kama tani 230,000, ya kwanza duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikawa kama tani 20,000. Nani aliua? Naona ni utaifishaji wa 1967.

#36 Mgosi_Mombo
Bei ilianza kuporomoka kabla ya 1967, mara tu baada ya kilele cha 1964. Kamba za plastiki ndizo zilizoua. Mkulima wa Ulaya anayefunga majani ya ng'ombe alikuwa mnunuzi wetu mkubwa, akapata kamba ya plastiki nyepesi na rahisi.

#37 Songea_Tanga
Na watu je? Mikataba ilipokwisha, nani tena atoke Kigoma aje kukata majani yenye mwiba ncha na maji yanayowasha ngozi?

#38 Mlingano_Ngomeni
Mnasahau udongo, na mimi nauweka mbele ya vyote vitatu. Mkonge unakula chokaa na potasi kwa wingi, na vyote vinaondoka na jani kwenda korona, kisha makapi yanatupwa mtoni. Mzunguko wa kwanza shamba linatoa. Wa pili linashuka. Wa tatu unaona kwa macho: shingoni mwa jani, pale linapokutana na kigogo, panatokea utepe wa kahawia uliokauka, jani linakunjika hapo na kulala. Hiyo ni njaa ya potasi. Plastiki haikuweka ule utepe.

Dawa yake ilikuwa inajulikana. Kurudisha makapi shambani, kuweka chokaa, kupumzisha ardhi au kupanda kunde kati ya mistari. Nafasi ipo, maana mistari hupandwa miwili miwili: mita 4 za njia, mita 1 kati ya mistari pacha, sentimita 80 kati ya mche na mche, miche 5000 kwa hekta. Zile mita 4 hazikuwekwa kwa ajili ya mkataji na toroli peke yao.

#39 Mzee_wa_Hale
Makapi hayakutupwa yote. Hapa Hale mwaka 2008 ulizinduliwa mtambo wa kwanza duniani wa kutoa gesi na umeme kwa makapi ya mkonge, kilowati 150. Na tope linalobaki baada ya gesi ni mbolea, linaweza kurudi shambani.

#40 Hesabu_Kwanza
#38 Kama ni udongo, mbona mashamba mapya nayo yalitelekezwa?

#41 Mlingano_Ngomeni
Yapi hayo? Taja shamba tuangalie lilipandwa mara ngapi.

#42 Mgosi_Mombo
Na ukataji mbaya uingie kwenye orodha. Mkonge uachiwe majani 20 mpaka 25 kila ukikatwa. Bei ikishuka watu hukata mpaka yale yaliyosimama ili robota zitimie, na mkonge uliokatwa hivyo unadumaa, majani yanayofuata yanatoka mafupi, yote UG. Kwa hiyo bei, ukataji na udongo vinashikana mikono, #36 na #38 mnaweza kuwa sahihi wote.

#43 Hesabu_Kwanza
Nimekusikia. Utaifishaji siuondoi kwenye orodha.

#44 Mwana_wa_Pongwe
Asanteni sana wakuu. Swali la mwisho: milingoti iliyokauka, mbali na kujengea vibanda, ilikuwa na kazi gani nyingine? Kuna anayesema wavuvi waliitumia.

#45 Kikogwe_Ngambo
Ndiyo, ikikauka ndani ni nyepesi kama boya. Inakatwa vipande, inatobolewa, inafungwa kwenye nyavu ili kamba ya juu ielee. Ukate baada ya miche kudondoka, mlingoti ukiwa wa kijivu na ukiugonga unatoa sauti ya uwazi. Ukiukata bado una maji unazama na kuoza ndani ya wiki chache.